Nilimwelekeza mtu kwa Phanice kwa sababu alisema ni brother yake

Wakuu, niaje.

Hii story nimekaa nayo miaka mingi kwa sababu mjinga ndani yake ni mimi. Nimewahi kuihadithia mara moja tu, kwa kinyozi, na akanikata vibaya. Leo naiandika yote vile ilikuwa. Majina tu ndio nimebadilisha, na ile kampuni ya teknolojia sitaitaja. Wako na malawyer, mimi niko na bibi na kuku.

Haya.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, wakati simu ya kamera ilikuwa inafanya watu wakusalimie kwa heshima, nilikuwa clerk tao, hapa Nairobi. Ghorofa ya tatu, nyuma kidogo ya River Road. Tulikuwa tunauza filter za maji, zile unafunga kwa bomba ya jikoni.

Boss alikuwa Mhindi mmoja, Bwana Kirit. Mtu mdogo, mpole, anavaa sweta hata Januari jua likiwaka.

Sales team walikuwa watu sita. Kazi yao ni kuingia Loresho na hizo mitaa za wadosi, watu wa pesa, gate kwa gate, kuonyesha wenye nyumba vile maji yao ni chafu. Unaweka maji ya bomba kwa glasi, unatia matone ya dawa, maji inageuka brown. Mama anapiga nduru, anaagiza filter.

(Hiyo dawa ingegeuza hata maji ya mbinguni brown, lakini hiyo ni uzi ingine.)

Mkali wa hiyo team alikuwa Phanice. Dada wa Vihiga, miaka thelathini na kitu, sauti ya kwaya. Huyo angeuzia samaki filter. Shida ni kwamba hakuna mtu alikuwa anamjua. Ukimuuliza anakaa wapi anasema "huko mbele." Saa kumi na moja ikigonga ameshashuka ngazi. Tukasema anajiskia.

Sasa Bwana Kirit aliamini sales people wake wanalala chini ya miti Loresho. Ni kweli walikuwa wanalala, lakini hakuwa na ushahidi.

Akaja jamaa wa suti na laptop kutoka kampuni ya tracking. Akatuonyesha map ya Nairobi ukutani. Akasema kila mtu wa sales atapewa simu mpya ya kampuni, na kila saa network itaambia system hiyo simu iko mtaa gani. Itaonekana kama kadoti kwa map. Nyekundu.

Hiyo ya kadoti hakuna mtu aliskia. Watu waliskia "simu mpya ya kamera." Walipiga makofi, wakuu. Watu walipigia makofi kamba yao wenyewe.

Simu zikakuja na message: unakubali huduma ya eneo, jibu NDIO. Phanice akaniletea yake.

"Wafula, hii eneo ni nini?"

"Ah, hiyo ni mambo ya network. Leta."

Nikamjibia NDIO mwenyewe, na kidole yangu. Kumbukeni hapo hata mimi sikuwa najua ni nini. Nilikuwa tu naonekana kama mtu anajua.

Bwana Kirit hakupenda computer, kwa hivyo password akanipatia mimi. Kutoka siku hiyo nikawa Mungu mdogo wa ghorofa ya tatu.

Nilikuwa napigia Otieno saa sita mchana: "Otis, hiyo si Loresho. Hiyo ni Kangemi, na najua uko kwa nyama." Ananiuliza: "We Wafula, uko wapi unaniona?" Baadaye akakiri aliangalia juu ya mti.

Nilifurahia sana. Siwezi danganya.

Lakini zile dots hazikuwa zinaenda off saa kumi na moja. Zilikuwa zinarudi nyumbani na wenyewe. Jumatatu nikifungua history naona Jumapili ya kila mtu. Kuna mmoja aliambia bibi yake ako kesha na dot ilikuwa South B siku mbili. Kuna mwingine alikuwa anaenda makanisa mbili tofauti, na kwa zote anaimba choir.

Na Phanice, kila jioni bila kukosa: Riruta.

Sikuambia mtu. Nilijiambia mimi ni mtu wa siri.

Kwa wale hamkuwa mmezaliwa: siku hizo simu zingine zilikuwa zinaandika jina ya mtaa kwa screen ukipita. Unafika Westlands inaandika Westlands. Tulikuwa tunaona ni maridadi tu. Hakuna mtu alijiuliza, kama simu inajua niko wapi, ni nani mwingine anajua.

Sasa ile siku.

Alhamisi baada ya lunch. Phanice ako Loresho kwa demo. Simu ya ofisi inalia, nashika. Ni mwanaume, mpole sana, anaongea kama watu wa kwetu Western, upande wa kina Phanice. Ananiita ndugu.

Anasema yeye ni brother ya Phanice, ameshuka basi saa hii kutoka nyumbani. Mama yao amelazwa na hali ni mbaya. Namba ya zamani ya Phanice haiingii.

Nikamwambia nampatia namba mpya.

"Hapana ndugu. Habari kama hii huwezi kumpiga nayo kwa simu. Acha nimpate nyumbani nimwambie pole pole. Kwani siku hizi anakaa wapi?"

Wakuu, screen ilikuwa wazi mbele yangu.

Nikamwambia Riruta. Nikamwambia ashuke Naivasha Road. Nikasoma map kama mwalimu wa geography: ukipita maduka hivi, hapo kwa kanisa, uliza hapo. Akasema Mungu akubariki.

Na nikajiskia nimebarikiwa. Nikajipikia chai.

Phanice akarudi saa kumi na begi yake ya demo.

"Pole kwa mambo ya mama," nikamwambia.

"Mama nani?"

"Mama yako. Brother yako alipiga kutoka stage."

Akaweka begi chini pole pole, kama ina mayai.

"Wafula, mimi sina brother."

Nikaweka kikombe chini. Akauliza:

"Alikuita ndugu?"

"Ndio."

"Ulimwambia nini?"

"Riruta."

"Na wewe umejuaje Riruta?"

Nikageuza screen. Nikafungua history yake. Jioni zake zote zilikuwa hapo, zimepangwa kwa mstari. Hakuwa amewahi kuiona. Aliinama akaangalia karibu sana, akagusa kioo na kidole.

"Hii ni mimi?"

Ndio akaniambia, akiwa amekalia boxi ya filter. Huyo aliyenipigia ni bwana yake. Alikuwa amemvunja mkono na mpini wa jembe. Phanice akatoroka na wasichana wake wawili, akabadilisha line, akabadilisha kanisa, akahamisha watoto shule. Kwao hakuna mtu alijua ako mtaa gani. Kazi yetu tu ndio ilikuwa imejulikana, kuna mtu wa ushago, kijijini kwao, alimuona Loresho na tishati ya kampuni, ile iko na namba ya ofisi mgongoni.

Na saa hiyo wasichana walikuwa wametoka shule.

(Wale mmeanza kunitukana, mko sawa. Malizeni kusoma halafu muendelee.)

Alipigia landlady, Mama Njambi, sauti imetulia. "Funga gate. Toa wasichana kwa nyumba yangu, waingie kwako. Usifungulie mtu, hata akisema ni pastor."

Bwana Kirit alikuwa amesimama kwa mlango na sweta yake. Sijui aliskia kutoka wapi. Hakuuliza swali hata moja. Alichukua funguo ya pickup.

"Phanice, twende. Na wewe pia, kuja."

Huyo mzee huwa anaendesha gari kama anasindikiza jeneza. Siku hiyo alipanda pavement. Kuna lori ilimzuia Ngong Road, akatoa kichwa nje akamwambia dereva maneno ya Kiswahili, na moja hata mimi nilikuwa siijui. Phanice alikuwa katikati yetu, anaangalia mbele tu, anapiga simu kwa Mama Njambi kila dakika mbili.

Sasa skizeni.

Ile dot ilikuwa ya uongo.

Si uongo kabisa. Network haikuwa inajua nyumba, ilikuwa inajua tu mnara gani umeshika simu. Kwa hivyo kanisa niliyoelekeza jamaa ilikuwa mbali na kwa Phanice, robo saa kwa miguu, upande ule mwingine kabisa. Ile kitu ilikuwa imetuingiza kwa shida, ikatuokoa kwa sababu haifanyi kazi vizuri.

Jamaa alikuwa amefika hapo kwa kanisa na kuanza kugonga gate moja moja akiuliza Phanice. Akasema ni bibi yake ameiba watoto. Wamama wa hapo, waliokuwa wanauza mboga, wakamuuliza maswali. Watoto wanaitwa nani? Wako darasa gani? Akashindwa na ya darasa. Akaanza makelele, akasukuma mmoja akaangukia nyanya zake.

Hiyo ilikuwa makosa yake ya mwisho siku hiyo.

Tulipofika kulikuwa na watu wamejaa na jamaa amekalia kreti, kiatu moja, shati haina vifungo, wamama wamemzunguka wakingojea askari wa chief. Hakuwa mkubwa. Mimi nilikuwa nimefikiria mtu mkubwa.

Phanice hakushuka. Aliangalia kwa kioo.

"Ni yeye," akasema. "Twende kwa watoto."

Mama Njambi alikuwa nyuma ya gate na mwiko ya ugali ameshika kama bunduki. Alikataa kutufungulia mpaka aone uso ya Phanice na aiskie sauti. Wasichana walikuwa kwake wanakula mandazi na kufanya homework. Mdogo akauliza, "Mum, mbona umekuja mapema?" Phanice akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Halafu akatoka nje nilipokuwa nimesimama kama mti. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njiani kote.

"Wafula. Namba yangu ilikuwa hapo mbele yako. Ungenipigia tu."

Basi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kesho yake alienda kuandikisha statement, na jamaa akawekwa ndani. Mimi na Bwana Kirit tukaenda kwa hiyo kampuni ya tracking, hapo tao, jengo ya vioo, AC mpaka meno inagongana. Yule wa suti akatukaribisha na tabasamu.

Akasema kuzima anaweza zima. Lakini history inabaki kwa server.

"Server iko wapi?" Bwana Kirit akauliza.

"Si hapa Kenya, sir."

"Nchi gani?"

Hakujua.

"Huyu mama analala wapi, mashine yako inajua. Mashine yako inalala wapi, wewe hujui?"

Yule wa suti akakohoa. Akasema kila kitu ni halali, Phanice alikubali, wako na NDIO yake.

"Hiyo NDIO ni mimi nilibonyeza," nikasema.

Akaniangalia, akaangalia karatasi yake. "System haiwezi jua ni kidole ya nani, bro."

Bwana Kirit akamwaga simu zote sita kwa meza yake kutoka kwa mfuko ya plastiki, tukatoka. Kwa ngazi akaniambia, bila kugeuka, "Mimi nikitaka kujua mtu ako wapi, nitamuuliza." Kama waliwahi kufuta hiyo history, mimi sijui mpaka leo. Walisema wamefuta. Utaangalia wapi?

Jumamosi Phanice akahama. Bwana Kirit alileta pickup mwenyewe. Mimi nilikuja bila kuitwa. Nilibeba kitanda, sufuria, meko, magunia ya nguo na sanduku ya vitabu za watoto. Nilitoa jasho kama nalipa deni, na hakuna mtu alisema ahsante, na ilikuwa sawa.

Tukapanda. Wasichana mbele na mama yao, mimi nyuma nimeshikilia godoro. Tulipofika Naivasha Road, Phanice akagonga dashboard. Pickup ikasimama. Akatoa kichwa nje.

"Wafula, shukia hapa."

Nikashuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiambia tu vile mambo iko.

Ile pickup iliwasha indicator, na kabla haijakata kona, nikageuka nikaangalia ukuta ya duka mpaka nikaskia mlio wa engine umepotea. Sikutaka kujua wameshika njia gani.

Ndio hiyo, wakuu. Somo langu ni dogo. Mtu akikuuliza fulani ako wapi, mpigie fulani kwanza, hata kama anayeuliza analia, hata kama ni mama yake mzazi. Na hizi NDIO za kwa simu tunabonyeza haraka ndio itoke kwa screen, kuna mtu upande ule mwingine anakunywa chai akiangalia map.

Kama umewahi kuwekewa hizi vitu kazini, tuambie hapo chini ulifanya nini. Na kama wewe ndio ulikuwa na password, wewe ndio nataka kuskia zaidi.