Kiti cha Msimamizi

Shangazi yangu alishona sare kiwandani miaka kumi na tisa. Siku msimamizi alipompa mtu mwingine cherehani yake, na yeye akapelekwa kupunguza nyuzi, alirudi na donge moyoni. Mwaka mzima tukawa tunanywa chai pamoja nalo.

Mwishowe akakubali kwenda kwa mnasihi, dada mmoja mpole mwenye viti viwili vya wateja chumbani.

"Mama, leo hamia kiti kile," dada akamwambia. "Wewe sasa ndiye msimamizi. Nieleze siku ile ilikuwaje kwako."

"Mimi niwe yule?"

Alinuna, lakini akahama, akakaa ukingoni na mkoba wake mapajani. Akaanza kwa kejeli: bosi ananifokea, oda imechelewa, huyu mama macho yamechoka, pindo zake zinakwenda upogo, na sijui nimwambieje mtu aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano.

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kila nguo naigeuza nione mishono ya ndani," akasema. "Msimamizi huyu nilimwangalia kwa nje tu."

Hakumsamehe siku hiyo. Shangazi yangu si malaika. Ila sasa anashona kwake barazani, anaimba, na akikasirika huhamia kiti kingine kwanza. Jana tuligombana kuhusu chumvi kwenye mboga. Alihama viti mara mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba upande wangu ameusikia wote, na bado nimekosea.