Njia ya Kambale Uani Kwangu

Nyie vijana mnaojenga pembeni ya mji, someni haya kabla hamjamwaga msingi. Shule nimesoma madarasa machache, lakini kiwanja changu cha Katindiuka nakijua. Kila masika maji ya mashambani hukatiza uani kwangu kwenda bondeni, na kambale humo humo. Tangu naolewa nawaacha wapite.

Mwanangu akataka nyumba ya kimjini. Chumba changu cha tofali mbichi, ninamoweka mpunga, akakiacha, ila akauzungushia ua wote ukuta wa bloku. Nikamwambia fundi aache matundu chini. Akacheka.

"Bibi, hapa sasa ni mjini. Maji yatafuata mtaro wa barabarani."

"Umeshayaambia?"

Asubuhi moja mvua ikaanza, haikukata mpaka adhuhuri. Maji yakapita chini ya geti, yakafika ukuta wa nyuma, yakagota. Yakaanza kupanda. Nikaona udongo wa chumba changu unameguka, na chakula cha mwaka mzima kimo ndani. Mwanangu alikuwa safarini Mlimba.

"Mama, tumpigie simu kwanza," akasema mkewe.

"Mpigie. Mie niletee mtaimbo."

Pigo la tatu bloku ikatoka, la nne zikafuata mbili. Maji yakavuta kwa kishindo, na kambale mnene kama mkono wa fundi akanipita katikati ya miguu. Mkamwana wangu akamrukia, akateleza, akakaa kitako majini huku simu ameinyanyua juu. Nikacheka mpaka mtaimbo ukaniponyoka.

Ng'ambo ya tundu akatokea jirani yetu Msukuma na beseni.

"Shikamoo bibi. Unagawa samaki?"

"Marahaba. Watu wa ng'ombe, kambale mtawaweza wapi?"

Akaniinulia beseni: watatu. Basi kila kambale aliyetoka tunduni tukampigia vigelegele kama bibi harusi. Na mie ndiye ninayekataza watoto kucheka mezani.

Maji yakaisha, chumba kikasimama, mpunga mkavu. Jioni mwanangu akarudi, akalitazama lile tundu, akasema kesho atamwita fundi alizibe. Nikamwacha amalize kula kambale aliyotugawia jirani.

"Fundi aje," nikasema, "atoboe na la pili. Aweke nondo mwizi asipite, ila ziachane, kambale mkubwa kuliko huyo uliyemla apite bila kujikwaruza."