Mchanga Ndani ya Karai

Harufu ndiyo iliyomlaki. Kabla hajafika langoni, mfuko wa dawa za mama yake ukiwa bado mkononi, Fundi Moshi alisimama katikati ya njia, akanusa, na roho ikamruka. Moshi wa jiko lake aliujua kama alivyozijua sauti za wanawe: ulikuwa mwembamba, wenye utamu wa mbali, unaopita puani bila kukwaruza. Huu ulikuwa mzito na mchungu, umejaa uvundo wa mafuta yaliyoungua.

Jina hilo walimbandika wateja, naye hakulikataa. Jiko lake lilikuwa pipa la chuma lililosimama nyuma ya nyumba: mkaa chini, wavu wa nyama juu, na katikati karai la maji. Maji hayo ndiyo yaliyoutia moto adabu. Yalimeza ukali wa mkaa, yakatoa mvuke, na nyama ikaiva polepole mpaka ikauachia mfupa kwa hiari yake. Siku hiyo mpishi mkuu wa kantini ya hospitali alikuwa anakuja adhuhuri kuionja. Akiridhika, nyama yote ya kantini ingetoka katika pipa lile, na Fundi Moshi angeacha kuzunguka mitaani na sinia kichwani huku magoti yakimsuta kila ngazi. Ndiyo maana, alipotoka kufuata dawa, alimwachia mdogo wake jiko likiwa tayari limewashwa, na agizo moja tu: maji yakipungua, ongeza.

Uani alimkuta shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ameinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Alikuwa mchomelea vyuma, na pipa lile alilichomelea yeye.

"Shemeji, karibu! Leo nimekuokoa na madumu. Bomba limekauka, nikasema haya mateso ya nini? Nimemwaga maji, nimetia mchanga. Mkavu, msafi, wa kujengea."

"Umetia nini?"

"Mchanga! Si nilikwambia? Unatunza joto, hauishi, hauongezwi. Wenzetu huko wanatumia huo huo."

"Dada, nilimkataza," mdogo wake alisema kutoka mlangoni, kanga ameikunja mikononi kama anayeikamua. "Nilimwambia amngoje mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" shemeji akacheka. "Hapa kuna mgeni?"

Fundi Moshi aliweka mfuko chini. Alifunua kifuniko. Mbavu alizoziacha zikianza kupata rangi zilikuwa nyeusi kama soli ya kiatu, zimejikunja pembeni. Matundu ya hewa ya chini yalikuwa wazi vile vile alivyoyaacha yeye. Kwa maji, huo ulikuwa upana wake sahihi. Bila maji, hapakuwa na kitu cha kuupoza moto, nao ulipanda hadi ulipotaka. Na juu ya mchanga, uliolazwa mtupu bila hata karatasi ya foili, mafuta yalikuwa yakidondoka, yakiungua, na kuirudishia nyama moshi wake mchungu.

Wiki nzima mtu huyu alikuwa amemwimbia habari za mchanga, mezani, mlangoni, hata msibani. Wiki nzima naye Fundi Moshi alimjibu jibu lile lile: nikitaka kujaribu, nitajaribu kwa nyama yangu, siku yangu. Shemeji alikuwa amesikia vizuri, akangoja tu siku ambayo mwenye jiko angetoka kufuata dawa za mama. Mori ukampanda.

Alichukua ubavu mmoja kwa koleo, akauweka kwenye sahani, akamsogezea.

"Kula."

"Aa, shemeji, mimi nimekunywa chai."

"Kula mradi wako. Kila siku naambiwa barabarani eti unasema jiko hili ni mradi wako. Leo kula."

Alikula. Alitafuna mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akajaribu kutabasamu, kisha akaacha kujaribu.

"Umekauka kidogo," alisema.

"Kidogo!" Mdogo wake alishindwa kujizuia, kicheko kikamponyoka. "Baba, hiyo ungeichomelea kwenye geti, isingetoka."

Hakuna aliyemfuata katika kicheko hicho, kwa sababu mpishi wa kantini alikuwa amekwisha kuingia uani, mwanamke mnene mwenye hatua za haraka. Kabla Fundi Moshi hajafungua kinywa, shemeji alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha.

"Karibu sana, mama. Huu ndio mradi wetu. Hili jiko ni mkono wangu, na leo tumeanza teknolojia mpya."

Mpishi alikata kipande, akakitia mdomoni, akakitoa kwa ustaarabu ndani ya leso.

"Niliambiwa nyama ya hapa inaliwa hata na mtu asiye na meno," alisema. "Nani ananijibu kuhusu hii?"

"Sisi," shemeji akasema.

"Sisi simjui. Nitarudi Jumatatu, mara moja tu. Nimkute mtu mmoja."

Alipoondoka, Fundi Moshi alibaki mbele ya pipa, na hasira ikaanza kugeukia ndani. Nani aliyemfundisha mtu huyu kusema "sisi"? Tangu siku pipa lilipoletwa, hakuna mteja aliyesifu nyama bila Fundi Moshi mwenyewe kuongeza, "Ni shemeji huyo, bila yeye ningekuwa wapi." Alisema kwa heshima, alisema ili mdogo wake apate amani nyumbani, na pengine alisema kwa woga wa kuonekana mwanamke mwenye kichwa kikubwa. Shukrani iliyorudiwa sana ilikuwa imegeuka hati ya kumiliki. Alijiuliza kama alikuwa na haki ya kughadhibika na mtu kwa kuamini alichoambiwa. Alijiuliza, na ghadhabu haikupungua hata chembe. Alipougusa mchanga alasiri, mkaa umekwisha kuwa majivu, bado ulimchoma vidole.

Hilo ndilo lililomfikirisha. Kesho yake bomba lilikuwa bado kavu. Alitwaa karai, akaumwaga mchanga wenye mafuta, akachekecha mwingine, akaukausha juani, akaufunika kwa foili isiyoacha upenyo. Matundu ya chini aliyabana mpaka ukabaki mwanya mwembamba. Akatia nyama kidogo, akakaa hapo hapo kwenye kigoda, akibana na kulegeza, akinusa. Moto ulitulia. Nyama ilitoka laini, na mkaa uliotumika ulikuwa nusu ya ule wa kawaida.

Alitamani ishindikane. Mungu ndiye shahidi wake, alitamani. Kwamba mpuuzi yule alikuwa na wazo zuri kulimkata maini zaidi kuliko mbavu zote zilizoungua.

Jumatatu mpishi aliingia, na shemeji naye akaingia nyuma yake, shati limepigwa pasi. Mpishi alionja. Akakata kipande kingine, kikubwa zaidi. Kisha akachungulia ndani ya pipa.

"Hamna maji humu?"

"Mchanga," Fundi Moshi alisema.

"Wazo la nani?"

Shemeji alivuta pumzi, lakini safari hii alimtazama Fundi Moshi kwanza. Naye angeweza kwa urahisi kusema, "Langu." Ulimi ulikuwa tayari.

"La shemeji yangu huyu. Na pipa alilichomelea yeye." Alifunga kifuniko. "Nyama ni yangu. Ikiharibika, ni mimi unayeniuliza. Ikiwa nzuri, ni mimi pia."

"Basi Alhamisi ulete nyama ya kantini nzima," mpishi alisema.

Shemeji alibaki amesimama, akitabasamu nusu, akingoja lile neno la ziada alilozoea kuongezewa mbele za watu. Fundi Moshi aliinama akabana matundu ya hewa. Hakuliongeza.