Malkia wa Makala

Leo asubuhi nimewasha mbabula, jiko letu la makaa, nikiwa na shati jeupe la misa, mjinga mimi! Harufu ya makala hayo ikanirudisha kwenye uwanja wa shule yetu.

Serikali ilikuwa imemtuma mwalimu wa sataranji kutafuta mtoto mmoja wa kwenda kufundishwa Kinshasa. Katika boksi lake malkia mweusi alikosekana, basi dada yangu, aliyeketi kucheza naye, akaokota kipande cha makala, akakiweka mahali pake. Kila alipokisogeza, vidole vilizidi kuwa vyeusi, na sisi wengine tukazidi kusogea karibu. Mwisho mwalimu akamlaza mfalme wake polepole.

“Papa, nimeshinda?” dada akamwuliza mwalimu.

Jirani yetu, mama wa mandazi, akanigeukia: “Huyu mutoto anaenda Kinshasa. Wewe utabaki hapa kuwasha mbabula.”