Shujaa Mwenye Karte

Mchoraji wa fulana wa hapa Kilibula hachori shujaa wa sinema bila kumning'inizia shingoni karte ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu. Atampa misuli kama mihogo ya Mutarule, mapanga mawili na moto unaomtoka mdomoni. Kisha atalamba ncha ya brashi, ainame mpaka pua iguse kitambaa, achore kwenye karte ile uso mdogo, aandike jina, mwaka wa kuzaliwa na mtaa. Ukicheka, anakutazama kwa huruma. "Bila karte, atapitia wapi mu hii vita?"

Juzi tulipanda gari moja kwenda Kamanyola, na kwenye kizuizi askari akatuomba karte. Mchoraji hana, yake iliungua pamoja na nyumba. Akainyoosha fulana aliyovaa, yenye shujaa wake na karte. Askari akasoma kila neno, akalinganisha uso mdogo wa kwenye karte na uso mkubwa wa shujaa.

"Huyu iko sawa, apite," akasema. "Weye, shuka."

Mchoraji akashuka. Alivua fulana, akanikabidhi dirishani kwa mikono miwili. Gari lilipoondoka alikuwa kifua wazi kati ya bunduki mbili, akinipigia kelele: "Usimukunje sura!"