Dawa ya kuongeza uchungu

Jumatano iliyopita nilikuwa Tandika, kwenye duka la dawa za asili, nanunua mdalasini. Akaingia bwana mmoja na mkewe mjamzito, miezi imeshatimia, mkono kiunoni.

"Shikamoo mama. Nataka dawa ya kuongeza uchungu. Huyu ajifungue kwa njia ya kawaida."

Mama muuzaji aliitikia marahaba, akamgeukia mke. "Hospitali wamesemaje, mwanangu?"

"Mtoto kakaa vibaya, amekingama. Wameniandikia upasuaji kesho."

"Hao wanapenda tu kupasua watu," mume akadakia. "Mama yangu kazaa wanane nyumbani, kwa mizizi hiihii."

"Wangapi wamekua?"

Bwana akatazama chini. "Watano."

"Basi toka dukani kwangu! Mie nauza mizizi, siuzi misiba. Mtoto amekingama, ukiongeza uchungu kizazi kinapasuka."

Hapo mke akanyoosha mkono. "Nipe kadi yangu."

Kadi yake ya kliniki ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mumewe! Aliitoa polepole, kama mtu anayenyang'anywa mali yake. Mke akasimamisha bajaji, akamwambia dereva ampeleke hospitali, akaondoka peke yake.

Nilimkasirikia yule bwana, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana muda wote nilinyamaza. Wanaume tunaisifu mno njia ya kawaida. Tumeipita mara moja tu, tena kwa uchungu wa mtu mwingine.