Mkasi kwenye Jina la Wifi

Wifi yangu alishona vifungo kwa miaka ishirini na minne, na watu wakisikia hivyo wanacheka. Wanadhani kifungo ni kitu cha kushona umekaa kitandani huku unapiga soga. Na waje washone vifungo mia kwa siku kwenye makoti mazito ya walinzi, kifungo kimoja mashimo manne, uzi upite mara sita, uzungushwe shingoni, ndipo ufunge fundo. Kiwanda kilileta mashine mara mbili, na mara zote mbili ikakata uzi, ikarudishwa stoo. Basi tukabaki sisi, wanawake thelathini na mmoja kwenye meza tatu ndefu. Chumba chetu kiliitwa Vifungo, na yeye wakamwita Mama Vifungo, ingawa hakujaliwa mtoto.

Ndiye aliyeniingiza kazini. Nilipoolewa na mdogo wake, ndugu wengine wa mume waliniletea ushauri, yeye akaniletea sindano. “Mdogo wangu namjua, wifi,” aliniambia. “Ana maneno matamu, lakini maneno hayachemki sufuriani. Njoo kazini.” Nikaenda. Nilikaa kulia kwake miaka kumi na tisa, na kila ninachokijua juu ya koti alinifundisha yeye, kwa kunitania na kunigonga vidole na rula.

Mwaka juzi vidole vitatu vya mkono wake wa kulia viliingia ganzi. Hakulalamika. Alinieleza kama anayesema leo kuna mawingu. “Wifi, hivi vimelala.” Nikamdunga na sindano kwenye ncha ya kidole, kwa utani wa mawifi, nikitegemea anipige kofi. Hakushtuka. Alipoona damu ndipo alipojua.

Tangu siku hiyo nikawa namtungia uzi. Kila asubuhi, kabla king'ora hakijalia, nilimtungia sindano ishirini na kuzichomeka upande wa ndani wa aproni yake. Mchana, wenzetu wakienda kunywa maji, nilimtungia nyingine. Kushona aliweza vizuri tu, alishona kwa macho. Kutunga ndiko kulikomshinda. Sikumwambia mtu, hata mume wangu sikumwambia, na yeye hakuwahi kunishukuru. Shukrani kati yetu zingekuwa kichekesho.

Kisha ofisi ikabandika tangazo. Kutakuwa na kipimo cha mikono. Kila fundi wa Vifungo atatunga sindano kumi kwa dakika moja mbele ya msimamizi, na atakayeshindwa ataagwa kwa heshima. Hilo neno heshima walilipigia mstari. Ila kipimo hakiwezi kuanza mpaka mwakilishi mpya wa wafanyakazi akubali kwa sahihi yake, na uchaguzi wa mwakilishi ulikuwa umebakiza majuma matatu.

Hapo ndipo wifi alipogombea. Mwanamke ambaye hakuwahi kusimama kwenye mkutano hata kuomba dirisha lifunguliwe, alisimama. Alichokitaka kilikuwa kidogo, kilitosha kwenye sentensi moja, na yeye alikisema kwa sentensi moja. Anayeshindwa kipimo ahamishiwe meza ya kukunja makoti, asifukuzwe. Akakaa. Watu wakapiga makofi mpaka yeye mwenyewe akaona haya.

Wapinzani wake walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mkata vitambaa, mtu mpole asiyekuwa na ubaya na mtu, lakini wakataji hawatungi sindano, na alishasema kwamba kipimo hakina shida. Wa pili alikuwa mpiga pasi tuliyemwita Redio, kwa sababu hazimwi. Redio ndiye aliyekuwa mwakilishi. Alishinda mara ya mwisho kwa thuluthi ya kura, wakati thuluthi mbili hawakutaka hata kumsikia akikohoa, ila kura zao ziligawanyika huku na kule.

Kwa sababu ya Redio, katibu wa chama cha wafanyakazi akaja na utaratibu mpya. Alikuwa kijana msomi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kila mgombea atapigiwa kura yake peke yake, ya kumkubali au ya kumkataa. Mwisho tunachukua ndiyo zake, tunatoa hapana zake, na atakayebaki na nyingi ndiye mwakilishi. “Hakuna tena mtu wa kutukalia kichwani kwa sababu tumegawanyika,” alisema. Alitueleza uwanjani saa ya chakula, huku boila ya wapiga pasi ikipumua nyuma yake. Kila jina lina kisanduku. Tiki ukimkubali, mkasi ukimkataa, yaani mistari miwili iliyopishana, na ukiwa huna neno naye acha wazi. Nilimsikia vizuri. Ningeweza kumrudia katibu maneno yake bila kukosea, na nalisema hili ili mtu asinitafutie kisingizio.

Siku ya kura tuliingia bwaloni mmoja mmoja. Walikuwa wametundika pazia, na nyuma yake kulikuwa na meza na penseli iliyofungwa kamba. Nikalitafuta jina la wifi, nikaliona, nikafurahi kuliona limechapwa vizuri, jina kamili ambalo hakuna aliyewahi kumwita. Nikaweka mkasi. Redio na mkata vitambaa nikawaacha wazi, sikutaka kumkataa mtu. Nikakunja karatasi, nikaitumbukiza, nikarudi mezani nikiwa na moyo mweupe.

Sasa niseme mkasi kwetu ni nini. Koti likitufikia, limeshapigwa chaki. Palipo na mkasi ndipo pa kutia kifungo. Mkasi ni hapa, hapahapa, si pengine. Miaka kumi na tisa jicho langu likiona mkasi mkono unakwenda, na nikitaka kumwonyesha mwenzangu mahali panapofaa, ninapiga mkasi. Kwa wapiga pasi mkasi hauna maana yoyote. Kwa wakataji ni kitambaa kibovu. Katibu alitoka ofisini, na shuleni walikosahihishiwa madaftari mkasi ni kosa. Hakuna aliyefikiria kumuuliza mtu wa Vifungo.

Kura zilihesabiwa mbele yetu. Katibu alisoma karatasi moja moja kwa majina tunayoitana, na msichana wa stoo akachora vijiti ubaoni. “Mkata vitambaa, ndiyo. Redio, hapana. Mama Vifungo, ndiyo.” Ilikwenda hivyo kwa muda. Redio alikuwa anazama, na watu walikuwa wakicheka chinichini. Kisha katibu akafungua karatasi, akaitazama zaidi ya kawaida. “Mama Vifungo, hapana. Wengine wazi.”

Wifi alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Hakugeuka.

Ikaja nyingine ya namna hiyo, na nyingine tena. Mama Vifungo hapana, wengine wazi. Nani huyo anayemchukia mwanamke huyu kiasi cha kuja kumkataa yeye tu? Nilikasirika, wallahi nilikasirika, nikaanza kuzungusha macho nitafute uso wa kuushuku. Ilikuwa ya sita au ya saba nilipoutazama mkono wangu. Kisha sikuhisi kitu tena, na hali hiyo ya kutohisi kitu ndiyo niliyokaa nayo siku zote zilizofuata.

Redio alipata ndiyo thelathini, hapana sitini na moja. Huyo alikwisha, utaratibu ulifanya kazi yake. Mkata vitambaa alipata ndiyo arobaini na sita, hapana ishirini. Wifi alipata ndiyo arobaini na tisa, nyingi kuliko wote, na hapana thelathini na tatu. Ukitoa, mkata vitambaa ana ishirini na sita na wifi kumi na sita.

Mwanamke mmoja wa meza ya pili akainuka pale pale. “Bwana katibu, mimi mkasi nimeweka nikimaanisha namtaka!” Bwalo likalipuka kwa kicheko. Halafu kicheko kikafa, kwa sababu nyuso kadhaa hazikucheka.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alizipekua karatasi, akakuta tisa zenye mkasi kwa Mama Vifungo peke yake na wengine wazi. Akasema hawezi kusoma mioyo ya watu, lakini katiba ya chama inaruhusu pingamizi. Aliyekosea alama aje ofisi ya chama kabla ya saa kumi na moja jioni kesho, aandike jina lake, aseme alimaanisha nini, na kura yake itageuzwa. Akapiga hesabu ubaoni. Kila kura ikigeuka, hapana inapungua moja na ndiyo inaongezeka moja. Watano wakija, wifi atalingana na mkata vitambaa, na wakilingana anashinda mwenye hapana chache, ambaye ni mkata vitambaa. “Kwa hiyo sita,” akasema. “Sita wanatosha. Ila mjue, orodha ya majina nakala yake inakwenda kwa uongozi.”

Hilo la nakala ndilo lililotutisha. Uongozi ukipata orodha ya watu wa Vifungo wanaompigania mwanamke anayepinga kipimo, utauliza kwa nini wanakiogopa kipimo. Na wataanza nao.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Majuma matatu kabla, subana, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, ilikuwa imenitoka kidoleni ikaanguka sakafuni, na mimi nikaendelea kushona bila kujua kwamba haipo. Nilipoikuta chini ya kiti nilijiambia ni jasho. Tangu hapo nilikuwa nakibonyeza kile kidole mara kwa mara, chini ya meza.

Kesho yake wifi alikwenda ofisi ya chama tangu saa nane, kwa kuwa mgombea anaruhusiwa kuwapo. Saa tisa akaenda yule wa meza ya pili. Wakaenda wawili pamoja, wameshikana mikono. Saa kumi akaenda mama mmoja aliyebakiza mwaka kustaafu, na muda mfupi baadaye akaenda binti mgeni ambaye vidole vyake havikuwa na tatizo lolote, alikwenda kwa sababu ndiyo haki. Watano.

Saa kumi na nusu niliondoka mezani. Ofisi ya chama iko nyuma ya stoo, unapita katikati ya marobota ya vitambaa. Nilifika katikati ya marobota nikasimama. Mlango niliuona, ulikuwa wazi kidogo. Nilijiambia tumebaki wanne, na kati ya wanne hakosekani mmoja mwenye ujasiri kuliko mimi. Wenzangu watatu nao, nadhani, walikuwa mahali wanajiambia hivyohivyo. Nilisimama pale nikisoma namba za marobota mpaka king'ora cha saa kumi na moja kikalia. Kisha nikarudi kuchukua kanga yangu.

Nyumbani mume wangu aliniuliza dada yake amekosa wangapi.

“Mmoja,” nikasema.

“Mmoja!” Akaweka kikombe chini. “Mjinga gani huyo?”

Nikamwambia simjui. Nikaendelea kukunja nguo za watoto, moja baada ya nyingine, na zilikunjika vizuri.

Mkata vitambaa aliweka sahihi siku ya tatu. Kipimo kikaanza na wale watano, kama tulivyojua. Watano wote walipita, hata yule mama wa kustaafu. Wifi aliitwa wa sita. Msimamizi alishika saa. Wifi alitunga sindano moja, akaitazama ya pili kwa muda, akaiweka mezani, akamwambia msimamizi asipoteze muda wake. Walimpa barua na wakampigia makofi. Mimi niliitwa siku iliyofuata, nikatunga kumi na sekunde zikabaki. Kidole kilikuwa hakijafika pale nilipoogopa kwamba kimefika.

Nilikaa mwezi mzima bila kwenda kwake. Kwa wifi yako wa damu moja na mumeo, nyumba ya pili kutoka kona, mwezi ni kashfa. Nilipokwenda nilimkuta ameketi mlangoni akichambua mchele kwa mkono wa kushoto. Akanitania kwamba nimenenepa kwa kukosa mtu wa kunigonga na rula. Nikacheka pale panapochekwa. Tukaongea habari za watoto, za paa lake, za mdogo wake na maneno yake matamu. Niliona aibu, lakini niliiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, “Katibu alinionyesha zile karatasi tisa. Wewe ukipiga mkasi unatia nukta katikati. Nilikukataza mwaka wa kwanza, hukusikia.”

Niliokota punje mbili zilizoanguka, nikazirudisha ungoni.

“Akaniuliza kama kuna mwandiko ninaoujua. Nikamwambia hakuna.” Akatoa kijiwe, akakitupa. “Mle ofisini kuna kiti kimoja tu cha wageni. Tangu saa nane nilisimama, wifi, ili ukija ukute pa kukaa.”

“Nilikuwa na makoti mengi siku ile,” nikasema.

“Haya,” akasema.